Mama Mkwe, Friji na Gitaa la Jimmy Page

Ubishi ulikuwa juu ya solo moja tu ya gitaa, ile ya mwishoni mwa "Stairway to Heaven", wimbo wa bendi ya rock ya Led Zeppelin. Mimi nilisema Jimmy Page, mpiga gitaa wao, aliipiga kwa Telecaster, gitaa la Fender lenye sifa ya sauti nyembamba. Jirani yangu Mkenya, mpiga gitaa wa kanisani, akacheka mpaka chai ikampalia.

"Sauti nene hivyo itoke kwa Telecaster? Zii! Hiyo ni Les Paul, bwana."

Namwelewa. Picha nyingi za Page anaonekana na Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson, inaning'inia karibu na magoti, na jukwaani wimbo huo aliupiga kwa lile Gibson la shingo mbili, moja ya nyuzi 12 na nyingine ya nyuzi 6. Lakini studio si jukwaa. Albamu yao ya kwanza, ya 1969, sehemu kubwa aliipiga kwa Telecaster aliyopewa na mpiga gitaa mwenzake, Jeff Beck, na mwenyewe ameshaeleza kwamba kwenye solo ya wimbo huu, uliotoka 1971, aliirudia Telecaster. Tena walirekodi hapahapa London tunapoishi, studio ya Island, Basing Street. Mkenya akasema maneno ya wazee hayo, yeye anaamini masikio yake.

Haya. Atakayeshindwa atanunua mguu wa mbuzi. Yeye akaazima Les Paul ya kanisa (mchungaji hakuambiwa ya nini), mimi nikatoa Telecaster yangu ya bei ya chee, na rafiki yetu Mkongo, mtu wa Lubumbashi, akawa mpigaji; sisi tubashiri bila kuona anapiga lipi. Huyo alishahukumu mapema: "Bandugu, gitaa ni vidole, si mbao." Tukatundika khanga mlangoni mwa jikoni, akajificha nyuma yake na magitaa yote mawili na amplifaya, akabaki humo na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Mama alikuwa anachambua mchele, hana habari na mashindano yetu.

Shida ni kwamba amplifaya ukiichochea mpaka ikakoroma, Telecaster hunenepa ajabu. Tulikuwa tunabahatisha, basi. Na katikati ya kubahatisha, sauti ya mama kutoka jikoni:

"Mkwe, friji lenu limewaka."

Gitaa likalia. Mkenya: "Les Paul!" Mkongo: "Telecaster."

Kimya kidogo. "Limezima," mama akasema.

Gitaa likalia. Mimi: "Telecaster!" Mkongo: "Les Paul."

"Limewaka tena. Friji gani hili, kama mtu mwenye homa ya vipindi?"

Mkenya akanishika mkono. Mama alikuwa anapata zote, tena kabla uzi haujaguswa! Maana sumaku za Telecaster, zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, zina koili moja moja, na koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, hertz 50, unaofanana na mvumo wa friji. Les Paul ya kanisa ina koili mbili zilizopingana, mvumo wa moja unafuta wa mwenzake. Seth Lover alibuni hiyo pale Gibson mwaka 1955, asijue itakuja kuumbuliwa na mchambua mchele.

"Mama," nikamwita kwa heshima zote, "hilo si friji, ni gitaa."

"Na friji je?"

Swali zuri. Nikafunua khanga. Jikoni kwetu kuna soketi moja iliyo karibu na mlango, na Mkongo, tangu mchana alipoanza kujipasha vidole, alikuwa amechomoa plagi ya friji akachomeka amplifaya. Maji yalikuwa yanatambaa sakafuni, na ndani ya friji nguru wa wageni wa Jumapili amelegea kabisa. Mkongo akaruka juu ya kiti, kakumbatia Les Paul ya kanisa.

Mlango ukagongwa. Mzungu wa ghorofa ya chini, mzee mwenye mvi alizozifunga kisogoni. Nikaanza kuomba radhi kwa maji, kwa kelele, kwa yote. Akatazama magitaa mawili, akatutazama sisi.

"Ni Telecaster," akasema. "Sasa zimeni."

Mkenya akapinga palepale: shahidi kapangwa. Lakini mama mkwe alishaamua nguru wote wapikwe usiku uleule, na kwa kuwa Mkenya ndiye aliyesimama karibu na mlango, akatumwa tui la kopo. Alinunua makopo manne, na mpaka leo anadai hilo ndilo deni la mbuzi.

Mzee wa chini alikula sahani mbili. Akaifuta ya pili kwa kidole, kisha akasema kwa upole kwamba hata ile solo ya "Another Brick in the Wall" ya Pink Floyd, ya 1979, ambayo watu huapa ni Stratocaster, gitaa jingine la Fender, kwa sababu mpiga gitaa wao David Gilmour ni mtu wa Stratocaster, ilipigwa kwa Les Paul ya mwaka 1955.

"Ati nini?" Mkenya akasimama.

Mama mkwe akavuta kiti chake, akaketi mbele ya plagi ya friji.