Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, kamuulize mama wa genge

Nyumba ya Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, ilikuwa na geti jeusi, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, vigae sebuleni na choo ndani. Kodi 200,000 kwa mwezi. Wakati huo tulikuwa Mwananyamala, tunalipa 220,000 kwa vyumba viwili na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wanne, choo cha kuchangia uani, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya kuchangia ambayo haikupita wiki bila kesi: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajatoa hela yake. Nilipouona ule ukuta wa Madale nikasema basi, na sisi tumefika. Tukalipa miezi sita, 1,200,000. Dalali akachukua mwezi wake mmoja, 200,000, na Canter ya kuhamishia vyombo ikala iliyobaki.

Wiki ya pili nilishika daftari nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Kutoka nyumbani mpaka barabarani, boda 1,500. Daladala mpaka Makumbusho 700. Pale unadandia gari la Posta, 600. Jumla 2,800 kwenda, 2,800 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 145,600. Mume wangu ni fundi simu Kariakoo, safari yake haitofautiani na yangu, kwa hiyo tukiwa wawili ni 291,200. Mwananyamala kila mmoja alikuwa anatumia 1,200 kwa siku, yaani 62,400 kwa mwezi kwa watu wawili. Tofauti ni 228,800. Nyumba ya "bei nafuu" ilikuwa inatulipisha kodi mara mbili, moja kwa mwenye nyumba na nyingine kwa makonda na bodaboda. Siku nyingine tulipanda mshikaki, mimi katikati na mkoba tumboni, ili tuokoe hiyo 1,500.

Na hapo sijagusa maji. Dalali alisema "maji yapo muda wote, dada". Yalikuwepo kweli, ya kisima, ya chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya uji wa mgonjwa. Ya kunywa na kupikia tulinunua kwa dumu, 500 kwa lita 20. Nimejifunza tangu hapo kwamba lugha ya madalali wa Dar inahitaji kamusi yake. "Dakika tano kutoka lami" maana yake dakika tano kwa bodaboda, jua likiwaka. "Mtaa umetulia" maana yake hakuna watu. "Nyumba hizi hazikai" maana yake lipa leo kabla hujaiona kesho mvua ikinyesha.

Ninachotaka kusema kwa ndugu zangu wanaotafuta mahali pa kulea watoto mjini ni kwamba tunakagua nyumba wakati tunapaswa kukagua mtaa. Tunafungua mabomba, tunahesabu soketi, tunagonga milango ya kabati. Kisha tunaondoka bila kujua jirani ni nani, taa za barabarani zinazimika wapi, na mtoto akipotea atarudishwa na nani.

Hilo la mtoto kupotea nalijua. Mwananyamala, mwanangu wa pili akiwa na miaka minne, mdundiko ulipita barabarani jioni moja ya Jumamosi. Wenyeji wa Pwani wanajua ngoma ile ilivyo, inatembea na watoto wanaifuata kama nyuki. Nilikuwa uani nakuna nazi. Kuja kushtuka, mtoto hayupo. Nilitoka na kanga moja, mikono imejaa machicha, nauliza kila mlango. Haikupita nusu saa, kijana wa bodaboda akaja naye amemkalisha mbele juu ya tangi: "Mama, huyu si wa kwenu? Nimemkuta Komakoma anacheza peke yake." Kijana yule sikuwahi hata kumjua jina. Yeye alimjua mtoto, kwa sababu mtoto alipita mbele ya kijiwe chao kila siku akienda dukani kununua sukari.

Sasa linganisha na Madale. Usiku mmoja wa mwezi wa sita watu walikata nondo za dirisha la jikoni. Walichukua televisheni, mtungi wa gesi ambao ulikuwa umejazwa juzi yake, na simu mbili za wateja wa mume wangu, ambazo tulikuja kuzilipa. Tuliamka wakiwa bado uani. Tulipiga kelele za mwizi mpaka sauti zikakauka. Hakutoka mtu. Asubuhi jirani wa ng'ambo, tuliyekuwa tunapungiana mikono yeye akiwa ndani ya gari, akaniambia alisikia kelele, akadhani ni sinema. Simlaumu sana. Alikuwa nyuma ya ukuta wake kama sisi tulivyokuwa nyuma ya wetu, na ukuta uleule uliotuficha sisi ndio uliowaficha wezi wakafanya kazi yao kwa nafasi.

Sitaki mtu anielewe kwamba nasifia uswahilini kama mtalii. Mwananyamala tulikesha na vigodoro, spika imeelekezwa dirishani kwetu mpaka saa kumi usiku, na mtoto ana mtihani asubuhi. Mwaka 2022, habari za Panya Road, vikundi vya vijana wahalifu, zilipozagaa jijini, watu wa mitaa iliyosongamana hawakuwa salama kwa sababu tu walikuwa wengi. Tulifunga milango mapema na kusikiliza. Kilichofuata ndicho nilichokiona cha maana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha mkutano, watu wakaja kweli, vijana wa ulinzi shirikishi wakapangwa zamu, na kila kaya ikatoa mchango wake. Mtaa wenye watu wanaohudhuria mkutano ni tofauti na mtaa wenye namba ya kampuni ya ulinzi getini. Madale nilikaa miezi sita bila kujua mwenyekiti wa mtaa anaishi wapi, mpaka nilipohitaji barua ya utambulisho.

Tulipotafuta nyumba ya tatu nikaweka masharti yangu, na mume wangu akacheka mpaka akachoka. La kwanza lilikuwa la mabonde. Dar ni jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na wengi wanatafuta kodi ndogo karibu na mjini. Kodi ndogo karibu na mjini mara nyingi iko bondeni. Wenye kumbukumbu hawajasahau Desemba 2011, maji ya Mto Msimbazi yalivyoingia Jangwani na Kigogo, watu wapatao 40 wakafa, na familia zilizopoteza makazi zikapelekwa Mabwepande, kilomita nyingi kutoka walikokuwa wanachuma riziki. Baada ya hapo zikaja bomoabomoa za mwishoni mwa 2015, Mkwajuni na kwingineko, na alama za X nyekundu ukutani. Mwaka 2017 X zikahamia Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Mpangaji halipwi fidia ya nyumba isiyo yake. Kwa hiyo angalia kuta za majirani kabla ya kuangalia vigae. Ukiona rangi mpya imepakwa mpaka usawa wa kiuno tu, uliza ilikuwa inafunika nini. Mimi nilionyeshwa nyumba nzuri sana karibu na Kigogo, bei ya kutupa, na mstari wa matope ulikuwa bado unaonekana nyuma ya mlango wa stoo, sawa na bega la mwanangu wa kwanza. Dalali akasema ni unyevu.

La pili, kuonja safari yenyewe. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, simama kituoni utakapokuwa unapandia. Usiende Jumapili mchana na gari la shemeji. Simama pale uone daladala zinakuja zimejaa au zina nafasi, uone wanafunzi wanavyosukumwa mlangoni na makonda kwa sababu nauli yao ni ndogo, kisha jiulize kama mtoto wako wa darasa la tatu ataweza. Watu wengi walikimbilia Kimara mwendokasi ulipoanza 2016, na kweli ulisaidia, lakini kukaa karibu na kituo ni jambo moja na kuingia ndani ya basi ni jambo jingine. Kama shule ipo kwa kutembea, hiyo ni hela, hata kama haiandikwi kwenye mkataba. Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini bodaboda ya kumpeleka na kumrudisha mtoto ina ada yake kila siku ya Mungu. Na ukague kama njiani kuna barabara kubwa ya kuvuka. Kwangu mimi hilo linapita habari za wezi. Wezi walinichukulia televisheni. Barabara kuu ikichukua, hairudishi wala huendi kununua nyingine.

La tatu ndilo lililomchekesha mume wangu. Nilikwenda saa mbili usiku, peke yangu, kwenye mtaa wa Tabata tuliokuwa tunaufikiria, nikatembea kutoka kituoni mpaka kwenye nyumba. Nilitaka kuona njia nitakayopita nikitoka kazini. Wanaume wakikagua mtaa huwa hawafikirii hili. Wao wanauliza kama gari linafika. Njiani nikasimama kwenye genge. Mama mmoja, kibatari cha betri kinaning'inia juu ya nyanya, anakatakata mchicha. Nikanunua vitunguu vya 500. Nikamuuliza:

"Shikamoo mama. Hapa unakopesha?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Wewe mgeni nikukopeshe unakaa wapi?"

"Bado, ndio natafuta nyumba. Nauliza kama watu wa hapa unawakopesha."

Akavuta daftari kutoka chini ya meza, lile la shule lenye kurasa zilizojikunja pembeni, akalipigapiga kwa kisu. "Hawa wote wamenishika. Lakini wanalipa. Watakimbilia wapi?"

Jibu hilo nililitaka kuliko taarifa yoyote. Genge linalokopesha maana yake watu wa mtaa ule hawahamihami, wanajuana kwa majina ya watoto wao, na kuna mtu mzima amekaa barabarani tangu alfajiri mpaka saa nne usiku anaona nani kapita na nani. Mama wa genge anajua nyumba ipi iliibiwa, maji yanatoka siku gani, mwenye nyumba yupi anapandisha kodi kila Januari, na yupi anagonga mlango wa mpangaji usiku mume akisafiri. Ukinunua vitunguu viwili vitatu anakuambia. Dalali analipwa ukiingia. Yeye anafaidika ukikaa. Mahali ambapo mboga zinauzwa kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi tu, hakuna wa kumuuliza.

Nilirudi tena mchana wa mvua, Aprili, na malapa. Maji yalisimama barabarani lakini hayakuingia nyumba yoyote, na vijana walikuwa wamepanga mawe ya kukanyagia. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikajitambulisha kabla hata ya kulipa. Alishangaa. Alisema wapangaji huwa wanamjia siku wakitaka barua au siku wakiwa na ugomvi.

Tabata si rahisi. Tunalipa 250,000, vyumba viwili, sebule, choo ndani, LUKU yetu wenyewe, wapangaji wawili tu kwenye kiwanja. Kikaratasi kinasema imezidi Madale kwa 50,000. Gari ni moja mpaka Kariakoo, na mimi naunganisha kwenda Posta, kwa hiyo 50,000 hiyo inarudi na chenji juu. Foleni ya Mandela inanitia wazimu siku za mvua. Maji ya bomba yana siku zake, tumenunua tangi la lita 1,000, na wiki mbaya linaisha Alhamisi. Jirani ana jogoo ambaye hajui saa. Lakini nafika nyumbani saa moja, mtoto wa mwisho bado yuko macho. Madale alikuwa ananiona Jumapili tu, akaanza kumwita dada wa kazi mama.

Mwezi wa pili wa kukaa hapo nilipungukiwa, nikapeleka mkono mtupu gengeni. Mama akafungua daftari bila kuniuliza jina. Niliangalia alivyoandika: "Mama geti kijani, nyanya 1,000, mkaa 2,000."

Sasa mume wangu ameingiwa na mdudu mwingine. Katumiwa picha kwenye WhatsApp, kiwanja Chanika, bei ya kutupa, mikorosho miwili imo ndani, "dakika tano kutoka lami". Anataka twende tukakione Jumapili hii na gari la rafiki yake. Nimemwambia mimi siku hiyo nina harusi. Twende Jumatatu, kwa daladala, tuondoke huko saa kumi na moja alfajiri kama watu wanaokwenda kazini, na tungoje kwanza masika yaanze.