Jamani hawa wenye maboti makubwa

Mimi na mzee wangu tumekimbia baridi ya Minnesota, Januari hii tuko Florida, tumekodi kaboti ka injini tunashuka taratibu kutoka Stuart kwenda Fort Lauderdale kwa ule mfereji wa ndani unaofuata pwani, wanauita ICW (Intracoastal Waterway), joto safi, natembea peku, nikasema leo nakunywa chai kama binti wa sultani. Weee! Kakaja kajumba kanakoelea, ghorofa tatu, kakatupita spidi ileile hata kupunguza kidogo hakuna, mawimbi yake yakatupiga ubavuni, chai yote mapajani, sufuria la maharage chini, mzee kashikilia usukani anatukana kwa Kisukuma. Na jamaa kule juu anatupungia mkono, eti anasalimia!

Kinachoniuma hasa ni kwamba anaharakia nini? Mbele kuna daraja la kufunguka, na mengi ya huku yanafunguka kwa ratiba, saa kamili na nusu saa. Tukamkuta palepale anazungukazunguka anasubiri kama sisi. Na kuna sehemu zimewekwa vibao kabisa upunguze mwendo sababu ya nguva (sio wale wetu wa Rufiji, hawa ni binamu zao, wenye mkia wa duara kama mwiko), majira ya baridi ndo wanajaa kutafuta maji ya uvuguvugu. Sisi tunatambaa, yeye huyooo.

Maharage tumeyazoa. Hadi leo godoro linanuka kitunguu.