Nilimbonyeza Mama Mkwe, Akalia Shemeji

Mama mkwe wangu na magari haviivi chungu kimoja. Coaster ikiwashwa tu, mate yanaanza kumjaa mdomoni. Na kwao ni Tukuyu, hana pa kukwepea. Ukitoka Mbeya, ukishaipita Uyole na Igawilo, barabara inaanza kuukwea Uporoto kona kwa kona mpaka Isongole kwenye ukungu na viazi, halafu inaporomoka upande wa pili kwenda Kiwira. Wengine presha ya kupanda na presha ya kushuka ni maradhi. Kwetu ni barabara.

Jumamosi ile tulikuwa wanne: mama, mke wangu, shemeji yangu (mdogo wa mke wangu, dada mtu mzima mwenye duka lake Mwanjelwa), na mimi mbeba mizigo. Tulikuwa tunakwenda kwenye kikao cha mahari ya huyo shemeji. Mama kakaa dirishani, mfuko kaukumbatia. Nao ni mfuko mbadala, kwa sababu ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na tangu hapo watu wa kundi la mama wanasafiri kwa imani tu. Mfuko mbadala unapitisha hewa. Na mchuzi pia.

Safari hii lakini nilikuwa nimejipanga. Usiku wake nilikesha na simu, namtazama bwana mmoja anayefundisha sehemu za kubonyeza mwilini, elimu ya Wachina ya tangu na tangu. Ya kichefuchefu iko mkononi, upande wa ndani. Unapanga vidole vitatu kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo kwenda juu (vidole vya mgonjwa, si vyako), na vinapoishia, katikati ya zile kano mbili zinazotuna ukikunja ngumi, ndipo hapo. Wanapaita Neiguan, yaani lango la ndani.

Sasa, kumshika mama mkwe mkono mbele ya abiria si jambo la kukurupukia. Niliomba kibali kwa mke wangu, mke wangu akalifikisha ombi kwa mama yake, mama akalitafakari, jibu likarudi kwa njia ileile. Wote watatu tulikuwa kwenye siti moja.

Nikabonyeza. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Tunafika Isongole, mama kaukunja mfuko wake vizuri, kauweka kwenye pochi, anauliza bei ya viazi dirishani! Akanigeukia, akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mkwe wangu." Jamani, nilivimba. Konda akaanza kunieleza habari za kiuno chake. Mzee mmoja wa siti ya nyuma akaniita daktari, nami sikumkatalia. Hapo ndipo ningeshuka nikarudi zangu Mbeya na heshima yangu.

Mara mama akasema, "Ila kichwa sasa, mwanangu. Kinanigonga."

Kichwa! Kichwa nilikuwa nacho pia. Pake ni kwenye kile kinofu kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kwa Kichina, Hegu. Nikampokea mkono, nikaweka dole langu, nataka kukandamiza, nikakumbuka. Yule bwana wa kwenye simu alikuwa amerudia mara tatu, kidole juu: hapo mjamzito habonyezwi, uliza kwanza. Mama ana miaka 63. Akili ya kawaida ingenitosha. Lakini nimeshaitwa daktari, na daktari hakisii, daktari anauliza.

Gari lilikuwa linanguruma kumalizia mlima, nikapaza sauti ili anisikie. Na sekunde ileile dereva akafika kileleni, akaachia mafuta, injini ikanyamaza kama imefiwa.

"SAMAHANI, UNA MIMBA?"

Kabla mama hajafumbua mdomo, jibu likatoka nyuma yangu.

"Nani kakwambia?"

Shemeji. Kasimama, mkono mdomoni, macho yanamtoka. Halafu akamgeukia mke wangu, machozi hayo: "Dada! Si nilikwambia usimwambie mtu mpaka kikao kiishe?"

"Mimi? Mimi sijamwambia!" Mke wangu naye akajisikia anachosema, lakini maneno yalishatangulia.

Yaani nilibonyeza mahali pamoja, pakaitika patatu. Konda alifunga dirisha lililokuwa limeshafungwa. Yule mzee wa nyuma, aliyenipa udaktari, nilimsikia ananong'ona kwa jirani yake, "Huyu si daktari, huyu ni mganga." Mimi bado nimeushika mkono wa mama, sijui niuachie au niuendeleze, na chini ya kidole changu mapigo yake yanakwenda kama watwanga mahindi wawili wanaopokezana.

Tukaanza kushuka. Hakuna aliyesema neno. Shemeji kajifunika khanga, mke wangu anaisoma tiketi ya gari kama barua ya wito wa mahakama. Mama alitazama migomba inavyopita, hakutapika, hakukohoa. Hilo la kutotapika nililishukuru kimoyomoyo, maana dawa ilikuwa bado inafanya kazi.

Kiwira akina mama wakaleta ndizi dirishani. Mama akanunua mkungu, akadai punguzo, akapewa, akahesabu chenji yake shilingi kwa shilingi. Gari lilipoondoka akaulaza mkono wake taratibu kwenye paja langu, kiganja juu.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Huyo Mchina wako, hajasema pa kubonyeza ili mtu afunge mdomo?"

Nikatoa simu nitafute. Mtandao ulikuwa haushiki.