Gari Linalala Wapi? Namba za Montana kwenye Barabara za California

Jumapili asubuhi, kwenye maegesho ya mkahawa mmoja kusini mwa California, wapenda magari hukutana kunywa kahawa na kufunguliana boneti. Pita ukiangalia namba. Ferrari ya kwanza ina kibao cha Montana. Ya pili, Montana. Lamborghini ya kijani iliyozungukwa na watoto nayo ni ya Montana, na kibao chake kinaanza na 4. Kwa vibao vya kawaida vya jimbo lile tarakimu ya mwanzo hutaja kaunti, na 4 ni Missoula. Kutoka Los Angeles hadi Missoula ni zaidi ya kilomita 1,800, huko kwenye milima na theluji. Gari lenye tumbo linaloburuza chini namna ile halijawahi kuikanyaga theluji hiyo. Pengine hata mwenyewe hajawahi.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Majimbo ya Marekani yasiyotoza kodi ya mauzo ya jimbo ni matano: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Watu wa Montana waliulizwa kwa kura mwaka 1971, wakaulizwa tena 1993, na mara zote mbili wakaikataa kodi hiyo kwa kishindo. Juu ya hapo, mtu yeyote, popote alipo, anaweza kufungua kampuni ya kule, ile aina inayoitwa LLC, kwa ada ya dola 35 na ripoti ya kila mwaka ya dola 20, ilimradi awe na wakala mwenye anwani ndani ya jimbo. Kampuni ndiyo inayonunua gari, na kampuni ni mkazi wa Montana. Wewe wa Los Angeles ni mwenye kampuni tu, na gari unaliazima kwa kampuni yako. Hakuna atakayelipima moshi. Karatasi zinakwenda kwa posta, vibao vinarudi kwa posta.

Piga hesabu ya gari la dola 300,000. Los Angeles kodi ya mauzo inavuka asilimia 9, kwa hiyo zaidi ya dola 27,000 zimeondoka kabla hujafika nyumbani. Kisha kuna ada ya leseni ya gari, asilimia 0.65 ya thamani, yaani dola 1,950 kwa mwaka wa kwanza. Montana usajili wa gari jipya ni dola 217, na kwa kuwa hili bei yake inazidi dola 150,000, utaongeza tozo ya anasa ya dola 825 kila mwaka hadi lizeeke. Mlipe na wakala ujira wake. Bado unabaki na fedha ya kununua gari jingine la heshima, na lile la Montana likifikisha umri wa miaka 11, unaweza kulisajili kwa kudumu, hutakiwi kurudi tena.

Nimesikia wengi wakilimaliza suala hili kwa neno moja, wezi. Mimi sioni kama ni rahisi hivyo, na wanaotetea wana hoja tatu ambazo zinastahili kusikilizwa na mtu asiye na haraka.

Ya kwanza ni ya kisheria, na ndiyo nzito. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Marekani imejengwa juu ya wazo hilo: mwenye duka anajificha nyuma ya kampuni asinyang'anywe nyumba duka likifilisika, na hakuna anayemwita tapeli. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Louisiana ilipelekewa kesi ya mkazi wa jimbo hilo aliyefungua kampuni Montana ili inunue nyumba ya magurudumu, gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani. Idara ya kodi ilimdai yeye binafsi. Mahakama ikasema mnunuzi ni kampuni, kampuni ni halali, na mtu kujipanga ili asidaiwe kodi, kwa njia ambayo sheria imeiacha wazi, hakumfanyi kuwa mlaghai. Idara ikaondoka mikono mitupu. Hukumu hiyo ni ya Louisiana na haiyafungi majimbo mengine, lakini mawakala wa Missoula wanaitaja kama msahafu.

Hoja ya pili ni kwamba barabara zinalipiwa kwenye kituo cha mafuta. Lamborghini ya Montana ikijaza tangi Los Angeles inatozwa ushuru wa California wa zaidi ya senti 60 kwa kila galoni, sawa na Corolla ya mlinzi wa usiku, na kwa unywaji wake wa mafuta inalipa mara mbili yake kwa kila maili. Ya tatu ni kwamba gari hilohilo hutozwa kila linapobadilisha mikono. Aliyelinunua jipya alilipa, aliyelinunua kwake kuukuu akalipa, na wa tatu atalipa tena, kana kwamba chuma kile kimezaliwa upya kila kinapouzwa. Hoja hii ya tatu kwangu ina nguvu kuliko wanavyoitumia wenyewe.

Sasa geuza upande wa pili. Majimbo hayakulala. Tangu miaka ya 1930 yalishaona kwamba watu watavuka mpaka kununua vitu, yakabuni kodi ya matumizi: hukulipa kodi kule ulikonunua, utailipa hapa unapokitumia. Jimbo la Washington liliianza 1935, na mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Benjamin Cardozo, ikaibariki. Kwa hiyo anayesema "nimenunua Montana, nimemaliza" ameruka sura nzima ya kitabu. California inasema gari lililonunuliwa nje likaingizwa ndani ya miezi 12 linachukuliwa kuwa lilinunuliwa kwa ajili ya California, mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Huko Washington, ambako mtu wa mji wa Vancouver anavuka daraja tu yuko Portland, Oregon, kusiko na kodi ya mauzo, mkazi kusajili gari jimbo la nje ili kukwepa kodi ni kosa la jinai kabisa.

Polisi wa barabara kuu wa California wana hata mpango wa kupokea taarifa za raia, ambao kifupisho chake kinasomeka CHEATERS, yaani walaghai. Unaona gari la jirani lina namba za nje miezi nenda miezi rudi, unaripoti. Sisi tuliokulia chini ya mjumbe wa nyumba kumi jambo hili halitushangazi, ila sipendi serikali inayowageuza majirani kuwa wapelelezi wa vibao vya magari. Umbea tunao wa kutosha bila kuusajili.

Hoja inayonigusa zaidi, hata hivyo, haimo katika sheria yoyote niliyoitaja. Imo katika risiti. Katika ile kodi ya Los Angeles, senti 2 za kila dola ni za usafiri. Wapiga kura wa kaunti walijitoza nusu senti mwaka 1980, nusu nyingine 1990, nyingine 2008, na nyingine 2016, ili wapate treni, mabasi na barabara. Mama anayefanya usafi maofisini usiku, ambaye basi ndilo gari lake, analipa senti hizo akimnunulia mtoto viatu vya shule. Hana kampuni Missoula. Kwa gari la dola 300,000, sehemu hiyo ya usafiri peke yake ni dola 6,000. Mwenye Lamborghini amejitoa kwenye mchango ambao mpanda basi hana mlango wa kuutoka, halafu anapita barabara ileile na basi lile linampisha.

Hapa ndipo ninapotengana na mahakama ya Louisiana. Hoja ya kampuni kuwa mtu inasimama vizuri kampuni inapofanya kazi ya kampuni, ikanunua, ikauza, ikaajiri, ikapata hasara. Kampuni iliyozaliwa ili iwe na gari moja, isiyo na kiti wala kalamu, ambayo anwani yake ni kabati la wakala linalochangiwa na maelfu ya wenzake, ni jina tu. Kuepuka kodi kwa mlango ulioachwa wazi na sheria ni haki ya kila mtu. Kusema gari ni la Montana ilhali halijawahi kulala Montana hata usiku mmoja ni kitu kingine, na Kiswahili kinayo maneno tofauti kwa ajili ya mambo hayo mawili: kuepuka, na kukwepa.

Lakini si kila mwenye namba za Montana ana Lamborghini. Kuna watu ambao mlango wa nyumbani ndio uliofungwa. Wamarekani wa mashambani wamependa vigari vidogo vya mizigo vya Kijapani, ndugu zake kirikuu tunachokijua Kariakoo kikibeba nyanya na masinki. Sheria ya shirikisho inaruhusu kuviingiza vikishatimiza miaka 25. Mtu analipa meli, analipa forodha, anakwenda kusajili jimboni kwake, anaambiwa hiki hatukitaki barabarani. Maine na Rhode Island ni miongoni mwa majimbo yaliyowahi kuvikataa. Mkulima huyu yuko tayari kulipa kila senti ya kodi; ni jimbo lake lisiloitaka fedha yake. Akienda Montana kuchukua kibao, sijui nimwite mkwepaji wa nini. Wapo pia wazee waliouza nyumba, wanaoishi ndani ya nyumba ya magurudumu, leo Arizona, kesho Oregon. Ukiwauliza ni wakazi wa wapi watakuonyesha usukani. Sheria inayodhani kila mtu ana mtaa haijawahi kuwaza habari zao.

Msomaji wa Dar es Salaam na Unguja bila shaka ameshatabasamu. Tuna namba za T na namba za Z, na gari lililoshuka bandarini Malindi likavushwa kuja Bara limekuwa na kesi yake kwa miaka mingi. Mzanzibari anahoji kwa nini adaiwe tofauti ya ushuru kwa kuvuka bahari ndani ya nchi moja. Mtoza kodi wa Bara anahofia kwamba akifumba macho, kila mtu wa Sinza ataagiza gari lake kupitia Unguja. Usajili wa vyombo vya moto uliingia katika orodha ya kero za Muungano, ukakaa humo muda mrefu. Tofauti yetu na Montana ni kwamba mlalamikaji wetu mara nyingi kweli anaishi Zanzibar, na kweli gari ni la Zanzibar. Swali ni lilelile tu, nchi moja yenye madaftari mawili ya kodi. Nani atakayeandika gari hili, aliko mwenyewe au ilipo karatasi?

Jibu langu ni aliko mwenyewe, na kwa hilo sina wasiwasi. Jimbo lingetoza kwa mahali gari linapolala sehemu kubwa ya mwaka, likaacha mlango kwa wasio na makazi ya kudumu, na likaacha kuvikataa vikirikuu bila sababu, nusu ya wateja wa Missoula wangerudi nyumbani kwa hiari. Nusu iliyobaki wangefuatwa bila huruma ya mtu. Montana nayo siilaumu sana. Ni jimbo lenye watu milioni 1 na ushei na barabara ndefu mno. Mtu akija na dola 825 kila mwaka kwa gari lisiloharibu lami yako, utamfukuza?

Kuna mtu mmoja lakini ambaye hajali mjadala wote huu, na huyo ni wa bima. Mwaka jana shemeji yangu alitaka kununua pikapu ya dola 60,000. Muuzaji akamnong'oneza habari za Montana. Tulikaa mezani kwake na fomu za wakala, kikombe cha chai cha tatu, tukahesabu: angeokoa dola 5,400 na zaidi. Kwenye nafasi ya jina la kampuni akaandika Kisamvu LLC, tukacheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Kisha akapiga simu ya bima. Bei ya bima hutegemea mahali gari linapoegeshwa, kwa sababu Los Angeles magari huibwa na kugongwa kuliko kule milimani. Ukisema Montana, bei inashuka, ila siku ya ajali kampuni ya bima itauliza kwa nini gari la Missoula limegongwa saa 12 asubuhi karibu na nyumba yako, mara ya tatu mwezi huo, na ikigundua ulidanganya inaweza kukataa kulipa fidia. Ukisema Los Angeles, umeshaandika kwa mkono wako kwamba gari ni la Los Angeles, na karatasi hiyo siku moja inaweza kusomwa na mtu wa kodi. Ofisi mbili, na kila moja inataka hadithi tofauti kuhusu gari hilohilo.

Yule binti wa kwenye simu hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anajaza fomu yake tu. "Na usiku gari linalala wapi, baba?"

Shemeji akaniangalia. Dirishani palionekana ile nafasi ya maegesho aliyokuwa ameshaifagia tangu Jumamosi. Akamwambia atampigia baadaye.