Milimita Mbili za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa malori kabla sijaoa, kabla hata sijazaliwa, na hilo ndilo jambo la kwanza analomwambia mtu akishaitikia shikamoo. Kwa hiyo pedali ya breki ya gari langu ilipoanza kunipigapiga unyayo kama cherehani kila nikipunguza mwendo, sikuwa na haja ya kutafuta gereji. Gereji ilikuwa imekaa kiti cha mbele, imevaa kofia ya kiua, inanitazama.

"Diski hizo," akasema. "Zinataka kuchongwa."

Mimi nilikuwa nimeshapiga simu duka la spea kuulizia hizo diski, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi za breki gari lisimame. Jozi mpya ya mbele laki na nusu; kuchonga, elfu ishirini kila moja. Mama watoto akadakia kutoka kiti cha nyuma kwamba gari hili linabeba watoto, bora mpya. Mzee akageuka taratibu.

"Mpya? Za siku hizi bati lile. Hiki ni chuma cha Japani, mwanangu, kimezaliwa na gari."

Nikanyamaza. Baba mkwe habishiwi.

Tena, tuseme haki, hoja yake ilikuwa na mashiko. Diski yenye mifereji, au iliyolika hapa zaidi kuliko pale, ikiwa bado nene unaipeleka kwenye mashine, inasawazishwa nyuso zote mbili, unafunga pedi mpya, maisha yanaendelea. Kinachoamua ni unene utakaobaki. Na unene wa mwisho hauhitaji kuulizwa kwa mzee wala kwa kijana, maana kiwandani wameuandika kwenye diski yenyewe.

Tukaenda Gerezani, ule mtaa wa Dar es Salaam wenye mafundi. Kijana wa mashine ya kukereza akaipokea diski, akaisugua pembeni kwa tambara lenye petroli, maandishi yakachomoza chini ya kutu: MIN TH 20 mm, yaani unene usishuke chini ya milimita ishirini. Akachukua maikromita, kipimo cha unene, akabana katikati ya njia inapopita pedi, akazungusha diski, akabana tena, akazungusha tena.

"Hapa ishirini nukta tatu. Hapa nukta nne. Nikiondoa mifereji hii, kila uso unapoteza karibu nusu milimita. Itabaki kumi na tisa na ushee. Sichongi, mzee wangu. Nunueni mpya."

Mzee hakujibu. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye leso. Ilikuwa vania, kile kipimo chenye taya mbili. Kumbe alikuwa anatembea nayo, na sijui tangu lini. Akaibana diski pale ukingoni, akainua miwani, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Ishirini na mbili! Haijalika hata unywele!"

Sasa, pedi ya breki haifiki mpaka ukingoni kabisa. Inasaga chuma cha katikati, ule ukingo wa nje unabaki kama ulivyotoka kiwandani, na miaka inavyokwenda unajitokeza mdomo unaoweza kuuhisi kwa kucha. Taya za vania zikikaa juu ya mdomo huo, zinakupa unene wa siku gari liliponunuliwa. Mimi niliuona ule mdomo. Kijana aliuona. Hata muuza kahawa aliyesimama na birika lake nadhani aliuona, kwa jinsi alivyokohoa.

"Samahani mzee," kijana akasema kwa adabu zote, "ukipima hapa ndani kidogo..."

"Wewe umezaliwa mwaka gani?"

Kijana akanitazama. Mimi nikaitazama dari.

Fundi wa pili tulimpata uchochoroni, nyuma ya mtu wa kuchomelea mageti. Huyu hakupima wala hakusoma. Nadhani ukimletea sinia la pilau analichonga. Akaifunga diski kwenye mashine, cheche na vumbi jeusi vikaruka, vipande vya chuma vikawa vinadondoka miguuni mwake, na alipomaliza ya pili zote zilikuwa zinang'aa hata mzee akainamia moja akajitazama, akaiweka kofia yake sawa. Akampunguza bei hadi elfu thelathini kwa zote mbili. Njia nzima ya kurudi ni hizo elfu kumi tu zilizozungumzwa.

Tulipofunga, na pedi mpya juu yake, mtetemo ulipungua. Haukuisha.

"Bado inatikisika kidogo, baba."

"Barabara hiyo."

Nikasema kweli, barabara mbovu. Tulikuwa kwenye lami.

Baadaye ikawa safari ya kumrudisha nyumbani kwake Lushoto. Kupanda kutoka Mombo hakukuwa na tabu, maana mlima wenyewe ndio breki. Kazi ilikuwa kushuka. Nilitakiwa nishuke na mama mkwe peke yake, anakuja kliniki mjini, lakini mzee akaamua kumsindikiza, na kwa kuwa hawezi kuja mjini mikono mitupu, buti likajaa viazi, kabichi zikapangwa nyuma ya kiti, na mama mkwe akapakata ndoo ya plamu. Gari lilikaa chini kama limechuchumaa kwa adabu.

Barabara ile ni kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, mlima upande huu na korongo upande ule. Mteremko ulipoanza kukaza nikapeleka mkono kwenye gia ya otomatiki niitoe D, nishushe kwenye 2, injini isaidie kuzuia. Mkono wa mzee ukaja juu ya wangu.

"Utaua injini. Breki umechonga juzi, za nini?"

Mkono wa baba mkwe ukishakaa juu ya mkono wako, gia haibadiliki. Tukashuka na D. Kila kona nakanyaga, na kila nikikanyaga mwendo unageuka joto, na joto lote linakimbilia kwenye diski. Chuma kinene kinalibeba muda mrefu. Chuma chembamba kinashiba upesi. Nikaanza kusikia harufu.

"Mtu anaunguza nyasi," mzee akasema.

Na pale ndani ya bomba kulikuwa na mafuta ya breki ya siku nyingi. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yanafyonza unyevu wa hewani, na yakishachakaa kiwango kinashuka kuelekea 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi pistoni, yanabonyea tu. Nilikuja kuyasoma haya baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimekanyaga pedali, ikaenda laini, ikaenda, ikafika kwenye kapeti, na gari halikuwa na habari.

"Weka gia!" mzee akapiga kelele, mkono wake ukiwa umehama kitambo umekwenda kushika dashibodi.

Nikatupa kwenye 2, injini ikanguruma, nikaishusha hadi L, ile ya chini kabisa, nikawa naivuta handibreki kidogo kidogo. Kabichi moja ikaruka kutoka nyuma ikampiga mzee kisogoni, kofia ya kiua ikamshukia machoni, na hivyo ndivyo tulivyoingia Soni, mama mkwe anasoma kila dua anayoijua na mzee anauliza kiza kimetoka wapi. Tulisimama hatua chache kutoka kwenye meza ya mama muuza matunda. Yule mama hakusogea. Alitazama moshi unaotoka kwenye tairi mbili za mbele, akatutazama sisi, akasema, "Karibuni mapeasi."

Watu wakajaa. Kila mmoja alikuwa amewahi kuwa dereva. Mzee, kofia imesharudi mahali pake, akarudi kazini: "Leteni maji! Imwagiwe ipoe!"

Hilo nililijua. Diski iliyoiva ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Lakini nani amwambie? Mzee akakwapua chupa ya maji kwenye kiti cha nyuma, akainama kwenye tairi, anafungua kizibo.

"We mzee!" Mama mkwe alishuka na ndoo yake ya plamu. "Hayo ni maji ya dawa yangu ya presha! Nikameze na nini?"

Chupa ikarudi. Katika miaka yote niliyowafahamu, sijawahi kuona amri yake ikitenguliwa haraka namna ile.

Tulingoja hadi vyuma vikapoa na pedali ikarudi juu, tukanunua mapeasi ambayo hatukuyahitaji, tukashuka Mombo kwa gia ya chini, mwendo wa maiti. Diski mpya zikaagizwa Tanga zije na basi la asubuhi. Mimi na mzee tukalala gesti, chumba kimoja, naye anakoroma kwa gia zote.

Asubuhi fundi wa Mombo akafungua tairi. Diski zilikuwa zimepiga rangi ya bluu. Akapima: kumi na nane nukta sita.

"Vania yake mbovu," mzee akaninong'oneza.

Kisha fundi akapitisha kidole kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kidole kikarudi chekundu. Kutu. Ilikuwa imeganda pale diski inapokaa, upande mmoja, unene wa karatasi tu, lakini karatasi ile ukiifuata hadi ukingoni mwa diski inakuwa kuyumba, na kuyumba huko ndiko kulikokula chuma kwa vipande na kunipiga unyayo tangu mwanzo. Akasugua kwa msasa na brashi ya waya mpaka pakang'aa, akafunga diski mpya, akabadilisha mafuta ya breki, akakaza nati kwa kuruka upande hadi upande. Pedali ikatulia tuli. Nikatoa laki na nusu, na nauli ya kifurushi, na ya fundi.

Kabla fundi hajarudisha tairi ya mwisho, mzee akasema subiri. Akatoa leso, akaikunjua, akaibana diski mpya ukingoni, akainua miwani.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. "Ishirini na mbili, baba."

"Na zile za zamani nilipopima Gerezani zilikuwa ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Akaiviringisha vania yake taratibu, akairudisha ndani ya koti.

"Laki na nusu," akasema, "umenunua kitu kilekile."