Hakuna Kijiji Kilichobaki Armorica

Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kusoma vitabu vya katuni vya Asterix, na kwa miaka mingi baada ya hapo niliamini kuwa kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, kilikuwapo kweli kijiji kilichowashinda Warumi. Ile dawa ya nguvu waliyokunywa wanakijiji ili kuwapiga Warumi sikuiamini. Lakini kijiji chenyewe, na boma lake la magogo na kambi nne za Warumi zilizokizunguka, nilikiamini kabisa. Mwanzoni mwa kila kitabu palikuwa na ramani, na mtoto humwamini mchora ramani.

Mwalimu mmoja aliwahi kuninyang'anya kitabu kimojawapo darasani akisema katuni zinaharibu akili. Iliniuma, na mpaka leo sikubaliani naye. Bila katuni zile nisingekuja kuzifungua taarifa za vita alizoziandika Julius Caesar mwenyewe. Nilizianza kwa furaha, kama anayekwenda kuwatembelea jamaa wa zamani. Nilipofika kitabu cha tatu nikakatwa maini.

Katika pwani hiyohiyo, iliyoitwa Armorica, upande wa kusini, waliishi Waveneti, mabaharia hodari kuliko wote wa eneo lile. Merikebu zao zilikuwa za mwaloni mtupu, na matanga yao yalikuwa ya ngozi kwa sababu ya ukali wa upepo wa Atlantiki. Mwaka 56 KK waliwazuia wajumbe wa Kirumi waliokuja kutafuta nafaka, wakitaka warudishiwe mateka wao. Caesar akaamuru zijengwe merikebu za vita. Za Waveneti zilikuwa ndefu kwenda juu na ngumu mno hata kugongwa hazikugongeka, basi Warumi wakafunga miundu mikali kwenye miti mirefu, wakazikata henza, yaani kamba za kupandishia matanga, na foromali, miti inayoyashika matanga, zikaanguka pamoja nayo. Kisha ikaingia shwari. Merikebu zisizo na makasia, katikati ya bahari iliyolala, hazina pa kukimbilia.

Kilichofuata Caesar anakieleza kwa sentensi moja: baraza zima la wazee akaliua, na watu waliobaki akawauza utumwani. Sababu anayoitoa ni kwamba washenzi wajifunze kuheshimu haki za wajumbe. Baada ya hapo anaendelea na habari nyingine.

Mwaka wa katuni ni 50 KK. Yaani ni miaka sita tu baada ya mnada ule.

Nilikifunga kitabu na kwa siku kadhaa sikutaka kukirudia. Nilijiona nimedanganywa, tena na watu niliowapenda, René Goscinny aliyeandika na Albert Uderzo aliyechora. Ila nilipozidi kusoma nikaona kwamba katika mambo madogo hawakunidanganya hata kidogo, isipokuwa yale mawe marefu anayobeba Obelix, rafiki wa Asterix, ambayo kwa kweli yalisimamishwa maelfu ya miaka kabla ya Wagalia. Hofu ya mbingu kuwaangukia ipo kwa Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki: Aleksanda Mkuu aliwauliza Waselti, jamii ambayo Wagalia ni sehemu yake, wanaogopa nini zaidi, akitumaini watamtaja yeye, wakamjibu hawaogopi kitu ila mbingu isije ikawaangukia. Masharubu yapo kwa Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliyeandika kwamba wakuu wa Wagalia walikunywa kinywaji kikipita kwenye masharubu kama kwenye chujio. Hata dawa ina asili yake. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia jinsi druidi, kuhani wa Wagalia, aliyevaa nguo nyeupe alivyopanda mwaloni na kukata kwa mundu wa dhahabu kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Waliamini kuwa kinywaji chake humpa uzazi mnyama tasa na huponya kila sumu. Nguvu za kuwapiga Warumi hakuzitaja, hizo aliziongeza Goscinny.

Basi mtu aliyejua yote hayo hakukosa kujua habari za Waveneti. Wala hakukosa kujua ya Alesia, mji wa Galia ambako Caesar aliwashinda Wagalia. Katika kurasa za mwanzo kabisa za kitabu cha kwanza, Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia, anamtupia Caesar silaha zake zikamwangukia miguuni, Caesar akalia kwa maumivu. Utotoni nilikirudia kipande kile mara nyingi, nikicheka peke yangu. Alesia yenyewe, mwaka 52 KK, ilizungushiwa kuta mbili za Kirumi, moja ya kuwafungia waliokuwa ndani, nyingine ya kuwazuia waliokuja kuwaokoa. Chakula kilipokwisha, wenye mji walitolewa nje pamoja na wake zao na watoto wao ili wapiganaji wabaki na kidogo kilichokuwapo. Wakawasihi Warumi wawachukue hata kama watumwa, wapewe tu chakula. Caesar akaweka walinzi, akakataa kuwapokea. Wakabaki katikati. Vercingetorix alijisalimisha, akawekwa kifungoni miaka sita, akatembezwa katika maandamano ya ushindi mjini Roma mwaka 46 KK, kisha akauawa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ni katuni tu, waacheni watoto wacheke. Wacheke, ndiyo. Mimi mwenyewe bado nacheka. Lakini kicheko kile kilitoka mahali, na mahali penyewe pana uzito.

Asterix alitokea mara ya kwanza kwenye jarida la Pilote tarehe 29 Oktoba 1959. Uderzo alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa, aliishi kwa muda Bretagne, ambayo ndiyo Armorica ya zamani, na baadaye yeye ndiye aliyechagua kukiweka kijiji pale. Goscinny alizaliwa Paris mwaka 1926 katika familia ya Wayahudi, akakulia Argentina, ng'ambo ya bahari. Walipokuwa wakisafirishwa kwa treni wajomba zake waliobaki Ufaransa, yeye alikuwa salama Buenos Aires. Waliuawa katika kambi za Wanazi.

Nilipolijua hilo sikuweza tena kusema nimedanganywa. Mtu huyu alijua vizuri yanayoupata ukoo mdogo jeshi kubwa linapouzingira. Akaandika kijiji kilichozingirwa ambamo hafi mtu. Warumi wenyewe hawafi, wanarushwa tu hewani wakiacha viatu vyao chini. Sidhani kama ni kutojua historia. Naiona kama kazi ya mtu aliyeikataa kwa nguvu zake zote.

Kuna jambo moja ambalo siwasamehe, nalo ni yule baharia mweusi wa maharamia, aliyechorwa na midomo mikubwa myekundu na kunyimwa hata herufi ya r. Nilipokuwa mtoto nilizipita picha zake haraka bila kujua kwa nini. Sasa najua. Waliomtetea mdogo mbele ya dola walishindwa kumwona mdogo mwingine aliyekuwa kwenye ukurasa wao wenyewe.

Hata hivyo ningempa mtoto yeyote vitabu vile leo hii, na siku ile ile ningemweleza habari za Waveneti. Wala nisingengoja akue. Mtoto wa miaka tisa anayeelewa kijiji kimezingirwa anaweza kuelewa pia kwamba kijiji cha kweli kiliuzwa, na kwamba jina la watu wale limebaki katika mji wa Vannes, kwenye pwani ileile.

Karibu kila kitabu kinamalizika kwa karamu, usiku, chini ya nyota. Zamani niliitazama picha ile kwa sababu ya nguruwe mwitu waliobanikwa. Siku hizi nahesabu watu. Chifu yupo, mganga yupo, wazee, wake, watoto, muuza samaki aliyepigana na kila mtu, wote mezani. Hata yule mwimbaji ambaye hakuna anayetaka kumsikia, amefungwa kamba pembeni na kuzibwa mdomo, lakini yupo.