Umri wa miaka 6 si kipimo cha kila kitu

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anataka mtoto anayesomea nyumbani afuate vitabu vya umri wake. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Binti yangu alipokuwa na miaka 6 alijumlisha kichwani bila shida, ila penseli ilimshinda: aliikamata kwa ngumi, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, b ikawa d kila mstari. Tukaweka daftari kando miezi kadhaa. Tukafinyanga udongo, tukakata karatasi kwa mkasi, hesabu tukafanya kwa mdomo. Vidole vilipopata nguvu, herufi zikaja. Ufini darasa la kwanza huanza mtoto akiwa na miaka 7! Kusubiri si kumtelekeza. Ukihisi haoni au hasikii vizuri, mpeleke kwa daktari mapema.